Usipokee Oda ya Sato Kabla Hujaona Daftari la Mfugaji

Wauzaji wenzangu wa samaki mtandaoni, hili mimi limenila hela, nyie lichukueni bure.

Mwaka jana nilipost sato wa nusu kilo, nikapokea advansi za watu 14. Siku ya kuvua, huko Mkuranga, samaki wengi walikuwa robo kilo tu, na vitoto kibao. Nikarudisha hela za watu 9. Matusi ya kwenye komenti tuyaache.

Nilimlaumu mfugaji, mama mtu mzima, nikidhani kanidanganya. Kumbe hata yeye hakujua. Nikamuuliza, mama unalisha kiasi gani? "Mwanangu, namwaga ndoo asubuhi, ndoo jioni. Wakishiba si wataacha." Sasa chakula kisicholiwa kinaozea bwawani na kumaliza hewa ya kwenye maji. Ndiyo maana asubuhi samaki wake walikuwa juu juu wanahema.

Tukakaa tukahesabu viroba. Kilo 3 za chakula zilitoa kilo 1 ya samaki. Anayelisha kwa vipimo anatumia kama kilo moja na nusu hadi mbili. Tuseme chakula ni 3,000 kwa kilo: kilo moja ya samaki inamgharimu 9,000, mwenzake 4,500 hadi 6,000. Na mimi nilikuwa nanunua kwake kwa 10,000! Alikuwa anafuga bure.

Siku hizi (hesabu mimi nilipata F, na hii naiweza) kila wiki mbili anavua samaki 20 na kuwapima. Wakiwa kilo 2, kila mmoja ni gramu 100. Bwawani wapo 400, jumla kilo 40. Kwa saizi hiyo anawapa kama asilimia 3 ya uzito, yaani kilo 1.2 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Wakikua, asilimia inashuka. Anaandika kwenye daftari la mjukuu wake.

Vile vitoto vilitokana na kuchanganya dume na jike. Sato wanazaana mapema, bwawa linajaa, wote wanadumaa. Safari hii kanunua vifaranga madume tupu.

Na mimi siposti tena kwa neno "wamekua". Naomba picha ya daftari. Juzi wastani ulikuwa gramu 390, wiki mbili kabla 355. Kwa mwendo huo nusu kilo ni wiki sita na ushee. Wateja nimewaambia wiki saba, na advansi sijachukua.