Mguso wa Pili

Somo: Marko 8:22–26
Wazo kuu: Ukiwa umeguswa na Bwana lakini bado huoni vizuri, sema hivyo.

Mchungaji aliniomba niandike somo la wiki hii kutokana na yale tuliyopitia na mtoto wetu. Mimi si mwalimu wa Neno. Nitasema tu nilichojifunza nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake.

Alizaliwa na uzito mzuri, lakini kila nilipomnyonyesha alitapika, na matapishi yalikuwa ya kijani. Shangazi yake akasema ati ni maji aliyomeza tumboni, yatakwisha. Sista wa zamu alipoona ile rangi hakungoja asubuhi, akamwita daktari usiku huo huo. Akina mama, shikeni hili: mtoto mchanga akitapika kijani, hiyo ni nyongo, na huenda utumbo umeziba. Mkimbize hospitali huku ukiomba. Kwetu, sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo ilikuwa haikufunguka tangu akiwa tumboni mwangu. Maziwa hayakuwa na njia. Siku ya tatu ya maisha yake akafanyiwa upasuaji.

1. Nilishuhudia kabla ya wakati

Daktari alitoka akasema upasuaji umeenda vizuri. Nikachukua simu nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: amepona kabisa kwa jina la Yesu. Haleluya zikamiminika. Kisha watu wakatulia, maana nani anaendelea kuombea aliyepona?

Lakini nilipoingia kumwona, nilimkuta na mpira puani ukitoa maji ya tumboni, dripu mkononi, na bandeji iliyofunika tumbo lote. Maji ya mpira yalikuwa bado ya kijani. Hakuruhusiwa hata tone la maziwa kunywa. Kila saa tatu, mchana na usiku, nilikamua maziwa, nikayaandika jina na saa, yakawekwa kwenye friji. Mtoto analia njaa, maziwa yako yako kwenye friji. Siku ya nne, ya tano, ya sita, rangi ni ile ile. Wapendwa walipopiga simu nilisema, "Tunamshukuru Mungu." Nikikata simu, nalia. Niliogopa nikisema ukweli nitaonekana nimekiri kushindwa.

2. Kipofu alisema alichokiona

Usiku wa sita nilifungua Marko 8. Kisa hiki cha Bethsaida kimeandikwa na Marko peke yake. Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni na kumwekea mikono. Halafu anamuuliza kama anaona kitu. Hebu fikiria angekuwa mimi. Angejibu, "Naona kila kitu, Bwana, utukufu kwako!" kisha aende zake akijikwaa.

Yeye hakujibu hivyo. Alisema anaona watu, ila wanaonekana kama miti inayotembea. Yaani kuna kitu kimefanyika, lakini bado. Na Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono tena, ndipo akaona sawasawa. Angejifanya amepona, angeombaje mguso wa pili?

Mimi nilikuwa nimefikiri kwamba kupona polepole ni kupona nusu. Neno likanifundisha kwamba mkono ulioanza kazi ni ule ule unaoimaliza, hata kama ni hatua kwa hatua, hata kama ni kwa sindano na uzi wa daktari.

3. Sasa tunajua tunaomba nini

Asubuhi nilimpigia mama kiongozi wa ushirika wetu wa nyumbani. Nikamwambia, "Mama, nilisema amepona. Hajapona bado. Na mimi nimechoka." Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante mwanangu. Sasa tunajua tunaomba nini." Jioni akaja na uji wa wimbi na leso safi, na ushirika mzima ukaanza kuomba kwa majina: maji ya mpira yapungue, rangi ibadilike, choo kipite.

Siku ya nane baada ya upasuaji, maji yalikuwa meupe. Siku ya tisa alichafua nepi. Sijawahi kuona watu wakishangilia nepi chafu namna ile! Siku ya kumi sista alipitisha mililita 5 za maziwa yangu kwenye mpira, kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Hayakurudi. Baada ya siku kadhaa za kuongeza kidogo kidogo, nilimnyonyesha mwenyewe.

Wapendwa, msinielewe vibaya. Katika chumba kile kulikuwa na mama mwenzangu aliyerudi nyumbani na shali bila mtoto. Imani yake haikuwa ndogo kuliko yangu. Sisemi kwamba ukisema ukweli lazima upate ulichoomba. Nasema kwamba ukificha, utalibeba peke yako, na Bwana hakutupa kanisa ili tubebe peke yetu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani umelitolea ushuhuda lakini moyoni bado unaona miti?
2. Kuna mtu tuliyeacha kumwombea kwa sababu alisema amepona? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Tunawapokeaje wanaosema "bado"?

Tuombe: Bwana Yesu, asante kwa ulipotufikisha. Bado hatuoni vizuri. Tuguse tena. Amina.