Pampu Ikikataa Kuwaka, Tufuate Njia ya Petroli



Somo letu safari hii ni la zile pampu ndogo za petroli ambazo vikundi vingi vinatumia kuvuta maji ya mto kwenda shambani. Tumelichagua kwa sababu ya jambo tulilolikuta katika kikundi kimoja cha mboga.

Tulifika pale nyanya zikiwa zimeanza kutoa maua, na pampu ilikuwa kimya siku ya sita. Walikuwa wamenunua plagi mbili mpya. Fundi alikuwa ameitwa kutoka mjini, akavuta kamba mara kadhaa, akasema injini imekufa wanunue nyingine, na akalipwa. Lakini lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba wanachama walikuwa wanamnung'unikia kijana anayeendesha pampu, ati ameuza petroli na kujazia maji. Kijana mwenyewe alikuwa ameacha kuja mkutanoni.

Tuliomba chupa tupu ya jemu. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo, na chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Tuliifungua, petroli ikaingia chupani. Ilikuwa imegeuka rangi na kunuka kama vanishi kuukuu, na chini kabisa palikuwa na tone la maji lenye uchafu wa kutu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na katika chupa ya kioo kila mtu anayaona. Tukauliza: pampu ilitumika mara ya mwisho lini? Kumbe iliwekwa stoo kabla ya mvua, petroli ikiwa ndani, na waliokubaliana kuiweka hivyo ni mkutano mzima. Tone la maji kama lile huingia kwa urahisi: kwa kifuniko kilichonyeshewa, au unyevu wa hewa katika tangi lililo nusu. Jioni ile mwenyekiti na mweka hazina walikwenda kwao na kijana.

Basi tujifunze. Injini inataka petroli, hewa na moto wa plagi. Kabureta ndiyo jiko la kuchanganya petroli na hewa. Petroli hutoka kwenye tangi, ikapita bomba na filta, ikaingia bakulini. Ndani ya bakuli kuna floti inayoelea. Bakuli likijaa, floti hupandisha sindano na kufunga mlango. Kutoka hapo petroli huvutwa kupitia tundu dogo sana la shaba linaloitwa jeti. Tundu hili ni dogo hata chembe ya uchafu yaweza kulisimamisha shamba zima.

Kabla ya kufungua chochote, angalieni yale mepesi. Petroli ipo? Bomba limefunguliwa? Swichi imewashwa? Oili je? Injini nyingi za siku hizi zina kifaa kinachozuia moto wa plagi oili ikipungua, na watu wameshusha kabureta bure kwa sababu ya nusu kikombe cha oili. Tena legezeni kifuniko cha tangi. Kikiwa na tundu la hewa lililoziba, injini huwaka vizuri halafu hufa polepole, na mkikilegeza inawaka tena.

Kisha vuteni kamba mara tano, toeni plagi muitazame. Plagi kavu kabisa yaonyesha petroli haifiki. Plagi iliyolowa yaonyesha imezidi. Ikausheni, fungueni choki, mngoje kidogo ndipo mjaribu tena.

Injini yenyewe pia husema. Ikiwaka tu wakati choki imefungwa na kufa mkiifungua, jeti imeziba, au gasketi ya kabureta inavuta hewa. Sauti ikipanda na kushuka yenyewe, mara nyingi ni shida hiyo hiyo. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: choki haikufunguka sawasawa, au filta ya hewa imejaa vumbi. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa vizuri, ikapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Petroli ikidondoka kutoka kabureta, sindano ya floti haifungi, pengine kwa uchafu tu.

Kusafisha jeti si kazi ya kuogopa, ila petroli yaogopwe. Fanyeni kazi nje, injini ikiwa imepoa, waya wa plagi umetolewa. Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto karibu, na mtu asivute petroli kwa mdomo. Fungeni bomba la petroli, tandikeni kitambaa cheupe, fungueni bolti ya bakuli. Angalieni gasketi isikatike. Toeni jeti kwa bisibisi inayoingia sawasawa, maana shaba ni laini. Iinueni juani: mnapaswa kuona mwanga wa duara safi. Kama hauonekani, tumieni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha pulizeni kwa pampu ya baiskeli. Msitumie sindano wala waya wa chuma! Tundu likipanuka, injini itakunywa petroli hadi mnunue jeti nyingine. Skrubu za kurekebishia pembeni msiziguse bila sababu. Ikilazimu, hesabuni kwanza ni mizunguko mingapi hadi zifunge.

Neno moja juu ya petroli ya bei rahisi inayouzwa kwa chupa. Mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulizidi hata serikali, mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hutoa moshi na husumbua kuwaka. Nunueni kituoni, katika mtungi safi, na mchuje mkijaza tangi.

Mkimaliza kumwagilia kwa siku, zimeni injini kwa kufunga bomba la petroli na kuiacha inguruме mpaka ife yenyewe. Hivyo bakuli hubaki tupu. Ikiwa pampu itakaa zaidi ya mwezi, mwageni na ya tangini.

Kwa mkutano wenu ujao: pampu ikisimama leo, nani ana funguo za stoo, nani ana spana, na petroli iliyomo ilinunuliwa tarehe ngapi? Kama hakuna anayeweza kujibu hilo la mwisho, fungueni ile skrubu ya chini mkiwa na chupa ya kioo mkononi.