SOMO: KUKADIRIA UBOVU WA MASHINE YA KUMENYEA KAHAWA

Kahawa mbivu hupaswa kumenywa siku ile ile ichumwapo. Mashine ikikwama, kahawa huchacha na malipo ya wanachama hupungua. Programu ya kompyuta yaweza kutoa tahadhari kwa kutumia kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763.

Mfano: Katika siku 100, beringi ilikuwa mbovu siku 10, na mlio ukasikika siku 8 kati ya hizo. Katika siku 90 za uzima, mlio ulisikika siku 9. Basi mlio usikikapo, uwezekano wa ubovu ni 8 kati ya 17, karibu nusu. Mashine na ikaguliwe jioni hiyo hiyo.

Programu hukokotoa yaliyoandikwa tu.

Swali la kujadili: Daftari la mashine la chama chenu liliandikwa lini mara ya mwisho?