Santuri za Jazz: Bei Iko Kwenye Hali, Si Kwenye Umri

Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kufundishwa kwamba gunia la maganda na gunia la kahawa safi haviuzwi bei moja. Anajua pia hasara ya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado ni maua, kwa mtu anayejua bei ya msimu kuliko yeye. Mambo hayo mawili, kupima hali ya mali na kutouza gizani, ndiyo msingi wa biashara nyingine ambayo wafanyabiashara wadogo wa Kagera wameanza kuiulizia: ununuzi na uuzaji wa santuri za zamani za muziki wa jazz.

Somo la wiki hii linaeleza namna biashara hiyo inavyokwenda, mtaji unapopotelea, na jinsi ya kuzungumza na wenye maduka wanaonunua mali hiyo.

JAZZ INAYOTAFUTWA

Kwanza ni vizuri jina lieleweke. Afrika Mashariki na Kongo, neno jazz lilitumika kwa bendi za dansi zilizopiga rumba, cha-cha na mitindo ya kwao, si kwa muziki wa Marekani peke yake. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Zikafuata Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, pamoja na NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964. Kutoka Kongo zilikuja santuri za African Jazz ya Joseph Kabasele na za OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 na kuongozwa baadaye na Franco.

Nyingi ya santuri za bendi hizi ni ndogo, za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Mara nyingi wimbo mmoja umegawanywa sehemu mbili, moja kila upande. Za zamani zaidi ni zile za mizunguko 78, nzito na zinazovunjika kama sahani ya udongo.

Santuri za jazz ya Kimarekani hupatikana mara chache zaidi katika eneo hili. Hata hivyo kanuni za kuzipima ni zilezile, kama itakavyoonekana hapa chini.

KWA NINI ZIMEKUWA ADIMU

Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi, lakini kwenye tepu za kurushia hewani, si kwa ajili ya kuuza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea makampuni ya Kenya. Morogoro Jazz ilitolewa na Polydor, Western Jazz ilitoka kwa lebo ya Moto Moto, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilitolewa na Mzuri, lebo ya duka la Assanand la Mombasa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya kawaida ya bidhaa hiyo ikakatika. Baadaye kaseti zikachukua soko lote, na santuri zikabaki darini au zikatupwa. Itakumbukwa pia kwamba wanamuziki wenyewe wengi hawapo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote katika ajali za barabarani. Kilichotengenezwa wakati ule hakiongezeki.

Wakati huohuo wanunuzi wameongezeka nje. Mwaka 2012 kampuni ya Sterns ya London ilitoa upya nyimbo za Western Jazz, na wasikilizaji wa Ulaya, Marekani na Japani hutafuta santuri za awali. Soko la mtandaoni la Discogs, lililoanza mwaka 2000, huonyesha bei ambazo santuri fulani imewahi kuuzwa. Hapo ndipo mfanyabiashara anapopaswa kuanzia. Bei anayoiomba muuzaji mmoja si bei ya soko; bei ya soko ni ile ambayo mnunuzi amekwisha kuilipa.

KUPIMA HALI

Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba santuri ni ghali kwa sababu ni ya zamani. Umri peke yake hauna bei. Santuri mbili za wimbo mmoja, lebo moja na mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana bei mara nyingi kwa sababu moja ilipigwa kwenye kila sherehe kwa sindano butu na nyingine ilikaa ndani ya bahasha yake.

Watozaji hupanga hali ya santuri kwa madaraja, kuanzia mpya kabisa, karibu mpya, nzuri sana, nzuri, hadi mbovu. Hapa kuna mtego wa lugha. Katika madaraja hayo neno "nzuri" halimaanishi nzuri. Linamaanisha santuri iliyochoka, yenye kelele, ambayo bado inapigika. Muuzaji anayemwandikia mnunuzi wa mbali kwamba mali yake ni nzuri atalipwa bei ya mali iliyochoka. Anayeandika "karibu mpya" huku ina mikwaruzo atarudishiwa mzigo na kudaiwa fedha.

Ukaguzi ufanyike kwa utaratibu huu:

1. Santuri ishikwe ukingoni, ikaguliwe kwenye mwanga wa jua ikiwa imeinamishwa. Mkwaruzo unaosikika kwa ncha ya ukucha utasikika pia kwenye sindano.

2. Rangi iangaliwe. Mistari ya sauti ikiwa imepoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, sindano nzito imeila, hata kama hakuna mkwaruzo.

3. Iwekwe juu ya meza iliyonyooka. Nyumba ya mabati yenye joto huipinda santuri iliyolazwa au kuegemezwa vibaya.

4. Lebo, tundu la katikati na bahasha vikaguliwe. Jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu na ukungu wa unyevu hushusha bei.

5. Mwisho ipigwe kwenye mashine yenye sindano nzima, pande zote mbili. Santuri isiyojaribiwa iandikwe hivyo bila kuficha.

Kuhusu usafi, santuri ya plastiki husafishwa kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini bila kulowesha lebo, kisha hukaushwa kivulini. Ile nzito ya mizunguko 78 isiguswe na spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha sehemu yake ya juu. Zote zihifadhiwe zikiwa zimesimama, si kulazwa moja juu ya nyingine.

KUSOMA LEBO

Jambo la pili linalopanga bei ni kama santuri ni ya toleo la kwanza. Kwa jazz ya Kimarekani somo hili liko wazi sana katika santuri za kampuni ya Blue Note ya New York. Watozaji husoma anwani iliyochapwa kwenye lebo, kisha hutazama sehemu tupu iliyo kati ya mistari ya sauti na lebo. Humo hutafuta herufi RVG za fundi Rudy Van Gelder na alama inayofanana na herufi P ya kiwanda cha Plastylite. Alama hizo zikikosekana, wimbo ni uleule lakini bei si ileile.

Kwa santuri za hapa mfano ni Mbaraka Mwinshehe. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho. Ni mali halali na ina wanunuzi, lakini si toleo la kwanza la inchi 7. Mfanyabiashara aandike jina la bendi, lebo, namba iliyochapwa na namba iliyochorwa kwenye sehemu tupu, kisha alinganishe kabla ya kutaja bei.

KUNUNUA VIJIJINI

Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, si mahali penye maduka ya santuri. Mali kama ipo, imo ndani ya nyumba: kwa wakulima waliokuwa na gramafoni za betri, walimu na watumishi wastaafu, wenye baa za zamani. Magulio ya Omurushaka, Kayanga, Nkwenda na Murongo ni mahali pa kupeleka habari, lakini mlangoni kwa mzee ndipo biashara inapofanyika. Huko shikamoo hutangulia na bei hufuata. Mara nyingi mwenye santuri anataka kwanza kueleza aliinunua wapi, na maelezo hayo yana thamani kwa mnunuzi wa mwisho pia.

Hapa ndipo butura ya aina nyingine inapoweza kuingia. Mnunuzi anayejua kwamba santuri moja katika sanduku ina bei kubwa, akalipa sanduku zima bei ya sahani za plastiki, ameokoa fedha siku moja. Lakini habari husafiri. Mtoto wa mzee akiiona santuri hiyo kwenye simu yake na bei yake, milango ya kijiji kizima hufungwa. Kwa upande wa mwenye mali, dawa ni kutouza siku ya kwanza. Apige picha za lebo, amtume kijana aangalie bei zilizolipwa, kisha azungumze.

KUZUNGUMZA NA MWENYE DUKA

Nairobi bado ni soko kuu la mali hii katika Afrika Mashariki. Duka la Melodica katika barabara ya Tom Mboya na kibanda cha Real Vinyl Guru katika Soko la Kenyatta yamejulikana hata nje ya Kenya. Mtu anayetoka Karagwe hufika huko kupitia Mutukula na Kampala, na gharama ya safari hairuhusu kwenda kubahatisha.

Wenye maduka hupenda orodha kuliko hadithi. Orodha ionyeshe bendi, lebo, namba na hali, pamoja na picha za pande zote mbili, na itumwe kabla ya safari. Mchuuzi akumbuke kwamba mwenye duka hawezi kumpa bei ya rafuni, kwa sababu ana kodi ya pango na hajui mnunuzi atakuja lini. Kukasirika kwa sababu hiyo ni kuharibu uhusiano bure. Kumdanganya kwamba duka jirani limetoa bei kubwa ni vibaya zaidi, kwa kuwa wenye maduka haya hufahamiana.

Njia tatu hutumika. Ya kwanza ni taslimu, yenye bei ndogo lakini ya uhakika. Ya pili ni kubadilishana, santuri kwa santuri. Ya tatu ni mali kauli, ambapo mwenye duka hupokea mzigo na kulipa akishauza. Mali kauli huweza kuleta bei nzuri kuliko zote, lakini ndiyo inayozaa kesi. Iandikwe kwenye karatasi: idadi na namba za santuri, hali ya kila moja, bei ya chini isiyovukwa, siku za kusubiri, na nani anabeba hasara ikivunjika.

HESABU YA MFANO

Chukua mfanyabiashara aliyenunua santuri 20 bila kukagua, kila moja Sh. 5,000, jumla Sh. 100,000. Nauli, bahasha, usafi na posta Sh. 70,000. Baadaye anauza 4 kwa Sh. 40,000 kila moja, 6 kwa Sh. 10,000 kila moja, na 10 hazina mnunuzi. Mapato ni Sh. 220,000 na faida ni Sh. 50,000. Mnunuzi mmoja akirudisha santuri ya Sh. 40,000 kwa sababu ya mikwaruzo, faida inabaki Sh. 10,000. Wawili wakirudisha, ni hasara ya Sh. 30,000.

Sasa achukuliwe mwenzake aliyekagua kwanza. Ameziacha zile 10 mbovu. Amelipa Sh. 5,000 kwa kila moja ya zile 6, na kwa zile 4 bora amelipa maradufu, Sh. 10,000 kila moja. Ununuzi ni Sh. 70,000, gharama nyingine ni Sh. 70,000 zilezile, mapato Sh. 220,000. Faida ni Sh. 80,000, hakuna anayerudisha mzigo, na wazee waliomuuzia watamwita tena. Ukaguzi ndio uliolipa tofauti hiyo, si ukali wa kupatana bei.

TAHADHARI

Santuri haiuzwi siku yenye shida. Fedha ya ada ya shule, pembejeo au marejesho ya mkopo isiingie humo. Aidha, kununua santuri si kununua wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inalinda haki za watunzi na watayarishaji. Anayenakili nyimbo kutoka kwenye santuri yake na kuziuza bila idhini anavunja sheria, hata kama santuri aliinunua kwa stakabadhi.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni busara kuanza na santuri chache za bendi mbili au tatu, kuzijua lebo zake kwa namba, na kuweka daftari la kila shilingi iliyotoka na iliyoingia. Akishauza kumi bila hata moja kurudishwa, atakuwa amejua soko lake kiasi cha kuongeza mzigo.