Elimu kwa Umma: Anzia Zahanati ya Karibu Nawe

Wapo wanaosafiri hadi hospitali ya mkoa kwa homa ambayo ingetibiwa kijijini. Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya ya msingi nchini Tanzania.

Afya ya msingi ni nini?
Ni huduma zinazomfikia mtu pale anapoishi: chanjo, kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, lishe, usafi na matibabu ya maradhi ya kawaida. Mwaka 1978, nchi zilizokutana Alma-Ata, mji ambao leo uko Kazakhstan, zilikubaliana kuwa hii ndiyo njia ya kuwafikishia afya watu wote.

Nikiugua, nianzie wapi?
Anzia zahanati. Ugonjwa ukizidi uwezo wake utapewa rufaa, yaani barua ya kukupeleka ngazi ya juu: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Itunze barua hiyo, kwa sababu inaeleza vipimo na dawa ulizokwisha kupata.

Hali ikiwa ya dharura, nisubiri rufaa?
Usisubiri, nenda kituo chochote kilicho karibu. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akipoteza fahamu, au mjamzito akitokwa na damu, muwahishe mara moja. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo uombe usafiri wa dharura wa m-mama.

Nani hatakiwi kulipia?
Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha, yaani huduma bila malipo katika vituo vya umma, kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee aanzie ofisi ya kijiji au mtaa ili atambuliwe. Ukitozwa, dai stakabadhi.

Husemwa kuwa zahanati hutoa dawa za maumivu tu. Ni kweli?
Wasiwasi huu unaeleweka, hasa kwa aliyewahi kukosa dawa. Hata hivyo, zahanati hupima malaria kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, hutoa dawa mseto, huchanja watoto na huhudumia wajawazito. Si kila homa ni malaria, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kununua dawa dukani.

Je, chanjo ya HPV huwafanya wasichana kuwa tasa?
Hapana. HPV ni kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo hii humkinga msichana kabla hajakutana nacho. Nchini ilianza kutolewa kwa wote mwaka 2018, na sasa msichana hupata dozi moja tu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafanya nini nyumbani kwangu?
Anatoa elimu, anatambua dalili za hatari na kukuelekeza kituoni. Hachukui nafasi ya daktari wala muuguzi. Una haki ya kumwomba kitambulisho. Ukiwa na shaka, muulize mwenyekiti wa kitongoji au mtaa.

Dawa zikikosekana, nimwambie nani?
Mwone kwanza mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, kisha kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hushiriki kupanga matumizi yake. Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, omba taarifa ya zahanati isomwe: zimeingia kiasi gani, zimenunua nini, na nini bado kinakosekana.