Somo la Familia: Kuomba Masomo ya Masta na Kungoja Jibu

Andiko la kusoma pamoja: Danieli 1:3-20



Somo la mwezi huu limetokana na cherehani. Mama mmoja wa ushirika wetu hapa Bujumbura aliuza cherehani yake, iliyokuwa ikilisha watu sita, ili mwanawe alipe fedha za kushika nafasi ya masomo ya masta ng'ambo. Barua ilikuwa imefika kwenye simu, na neno lake la kwanza lilikuwa pongezi. Sisi wachungaji tuliitangaza madhabahuni Jumapili ile ile, watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyesoma mpaka aya ya tatu, palipoandikwa kwamba nafasi ipo lakini karo ni juu ya mwanafunzi, na kwamba ufadhili ni ombi jingine lenye tarehe yake, nayo ilikuwa imekwisha pita. Kijana hakwenda. Fedha hazikurudishwa. Kosa lile lilikuwa letu tuliotangaza kuliko la mama aliyeuza.

Basi tujifunze taratibu, wazazi pamoja na vijana.

Zamani tulizoea kwamba aliyesoma sheria anaendelea na sheria, na muuguzi anaendelea na uuguzi. Siku hizi vyuo vingi vinafundisha masta ya fani nyingi kwa pamoja, ambayo hapa tutaiita masta ya mseto. Masomo hayo huanza na swali, halafu fani zinaitwa kulijibu. Chukueni mafuriko ya Gatumba, ya mwaka 2020, 2021 na tena 2024. Rusizi ilifurika na Ziwa Tanganyika likapanda. Anayejua maji ataeleza hilo. Lakini kwa nini familia zinarudi kujenga pale pale? Hapo anatakiwa anayejua haki za ardhi, anayejua soko la samaki, anayejua kipindupindu, hata anayejua wazee walizikwa wapi. Masta ya mseto inawaketisha hao wote darasa moja.

Tena, msidhani madarasa hayo yako mbali na maisha yetu. Katika masomo ya uhamiaji kuna kitabu kinachosomwa sana ambacho kinahusu Warundi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi Warundi nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, wengine katika makazi ya Mishamo, wengine mjini Kigoma, na kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Aliona kwamba wale wa Mishamo walishika historia yao kwa nguvu na kujihesabu taifa moja lililo uhamishoni, lakini wale wa mjini walijichanganya na wenyeji na hawakupenda sana kuitwa wakimbizi. Mkristo wa kambi ya Musasa na Mkristo wa Buyenzi wanaweza kubishana juu ya jambo hilo usiku kucha, na kila mmoja ana la kusema. Mtu wa namna hiyo haingii darasani mikono mitupu.

Mahali pa kuomba ni pengi, tutaje machache. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kina kituo cha masomo ya wakimbizi kilichoanzishwa mwaka 1982 na Barbara Harrell-Bond, na masta yake ni ya miezi 9. Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo kina masta ya uhamiaji na wakimbizi. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tusikisahau Chuo Kikuu cha Senghor, huko Alexandria, Misri, kinachofundisha masta ya maendeleo kwa Kifaransa. Iko pia Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, tangu 2004: mwanafunzi husoma katika vyuo vya nchi mbili au zaidi, na anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Maombi yake mengi hufungwa kati ya Oktoba na Januari. Lakini ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, kimsingi ni wa shahada ya kwanza. Vijana wengi wanapoteza mwaka mzima kwa kutojua hilo.

Mwenye graduati ya Kongo ya mfumo wa zamani, ile ya miaka 3, asidanganywe na mtu. Vyuo vingi vitamdai lisansi, yaani ile miaka 2 ya juu yake. Aandikie chuo na kupata jibu la maandishi kabla hajatoa hata faranga moja. Waliovuka Rusizi mwaka 2025 bila vyeti wamwandikie mapema katibu wa chuo walikosoma, na kila karatasi inayopatikana ipigwe picha na kutunzwa mahali pawili.

Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 22, unazitaka nchi zimtendee mkimbizi vizuri kadiri iwezekanavyo katika masomo ya juu, pamoja na kutambua vyeti vyake, kupunguza karo na kutoa ufadhili. Haumwahidi mtu nafasi. Hata hivyo unatupa neno la kusema tunapoomba kwa heshima kusamehewa ada ya maombi, na vyuo vingine husamehe. Kifungu cha 28 ndicho cha hati ya kusafiria. Hati hiyo ifuatiliwe wakati wa kungoja, maana inachukua muda. Na mtu akija mlangoni akisema anauza nafasi au "anamjua mkubwa" chuoni, mpeni maji ya kunywa na kumwaga kwaheri.

Kuna barua moja inayowasumbua vijana wetu kuliko zote, ile ya kueleza kwa nini unataka masomo hayo. Wengi huandika mateso peke yake, kurasa mbili za machozi. Wengine huficha ukimbizi kabisa, wakidhani ni aibu kwamba walianza uuguzi Uvira, wakaacha, wakamaliza elimu ya jamii Bujumbura, wakafanya kazi ya kuhesabu watoto wenye utapiamlo kambini. Kumbe katika masta ya mseto njia iliyopinda namna hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu ya kukubaliwa, mradi mwandishi aonyeshe swali moja lililomfuata kote huko. Aliona nini kambini ambacho uuguzi peke yake haukuweza kukieleza? Aandike hilo, kwa maneno yake, bila kuongeza chumvi.

Sasa tuje kwenye kungoja. Mara nyingi majibu hutoka miezi kadhaa baada ya maombi kufungwa. Tumewaona vijana wakiamka saa nane usiku kutazama simu, wakikataa kazi ya duka, wakiahirisha posa, hata mmoja akakosa mahojiano ya faili lake la kuhamishiwa nchi ya tatu kwa sababu "labda nitakuwa nimekwenda chuoni". Hilo halifai. Chuo hakitaandika kwenye barua kwamba umekubaliwa kwa sababu ulikaa bure.

Turudi kwa Danieli. Vijana wale walihamishwa kwa nguvu, wakawekwa miaka mitatu kujifunza lugha na elimu ya Wakaldayo, na mwisho wake kuhojiwa na mfalme. Angalieni mwandishi anasimulia nini juu ya muda huo: mboga na maji. Hatuambiwi kwamba walikesha wakibahatisha mfalme atasema nini.

Na jibu likija, lisomwe lote. Kukubaliwa bila ufadhili ni kitu kimoja, kukubaliwa pamoja na ufadhili ni kingine. Orodha ya kusubiri maana yake wapo waliotangulia, nawe utaitwa kama mmoja wao ataacha. Andika barua fupi moja kusema bado unataka, kisha nyamaza. Likiwa ni la kukataliwa, wazazi wasimwambie mtoto kwamba amewaaibisha. Mwaka 2019 UNHCR ilihesabu kwamba vijana wakimbizi waliokuwa katika elimu ya juu walikuwa 3 tu kati ya 100, na lengo ni kufika 15 mwaka 2030. Aliyemaliza lisansi uhamishoni na kufikia kuomba masta tayari yuko kati ya wachache.

Maswali ya nyumbani: Ni nini katika nyumba yetu hakitauzwa kwa ajili ya barua yoyote? Na anayengoja, kesho asubuhi atafanya kazi gani?

Kuanzia sasa barua za vyuo hazitatangazwa kanisani kabla ya kusomwa mpaka mstari wa mwisho na watu wawili, mmoja wao anayejua Kiingereza. Zileteni Jumamosi baada ya maombi ya akina mama. Mchango wa cherehani nao unaendelea. Hadi tunapoandika umefika nusu.