Bandari Mbili Zinazoshindana

Lubunga iko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Hapo ndipo inapoanzia reli ya kwenda Ubundu. Urefu wake ni kilometa 125. Ilijengwa kwa sababu meli haziwezi kupita katika maporomoko 7 ya Boyoma. Ilianza kazi mwaka 1906.

Je, watoto, reli hiyo inaelekea wapi? Wengi watajibu: Ubundu. Jibu hilo ni sawa, lakini njia haiishi hapo. Fungueni ramani, mfuate kwa kidole. Kutoka Ubundu mzigo hupakiwa katika meli mpaka Kindu. Toka Kindu reli nyingine hupita Kongolo na Kabalo, ikafika Kalemie, penye Ziwa Tanganika. Ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, na toka Kigoma gari la moshi huenda mpaka bahari ya Hindi, katika bandari ya Dar es Salaam.

Sasa vukeni mto, mwende ukingo wa kulia. Huko barabara inakwenda mashariki: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, halafu Kasindi mpakani. Inapita Uganda, inaingia Kenya, na kufika Mombasa. Angalieni msikosee: Mambasa ni mji wa Ituri, Mombasa ni mji wa pwani.

Basi ukingo mmoja unatazama Dar es Salaam, na wa pili unatazama Mombasa. Na miji hiyo miwili inashindana tangu zamani.

Mombasa ni mji wa kale. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 aliukuta tayari una nyumba za mawe na wafanyabiashara wengi. Bandari yake kubwa huitwa Kilindini, maana yake mahali penye maji ya kina. Dar es Salaam ni mdogo kwa umri. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Kwa hiyo watu wa Mombasa huwatania wenzao: "Sisi tulipokea majahazi ninyi mkiwa bado kijiji cha wavuvi." Watu wa Dar es Salaam hujibu: "Mzee akilala, kijana humpita. Hesabuni watu wetu!" Kweli, mwaka 2022 Dar es Salaam ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.

Mashindano yao makubwa ni ya mizigo. Waingereza walianza kujenga reli toka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wajerumani hawakutaka kuachwa nyuma. Walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mashindano hayajaisha. Mwaka 2017 Mombasa ilipata reli mpya ya kwenda Nairobi. Mwaka 2024 Dar es Salaam nayo ikapata reli mpya ya kwenda Dodoma, inayoendeshwa kwa umeme.

Kwa nini wanajisumbua hivi? Meli inayongoja siku nyingi humtia mwenyewe hasara. Akichoka kungoja, ataipeleka bandari nyingine. Basi kila bandari hujitahidi kupakua upesi na kupunguza gharama.

Hapo ndipo faida ya watu wa bara. Kijiji chenye duka moja la chumvi hununua kwa bei apendayo mwenye duka. Maduka yakiwa mawili, mnunuzi huchagua. Lakini nani awezaye kuchagua ikiwa njia moja imekufa? Reli ya Lubunga imechakaa sana, na vita vya mwaka 1998 hadi 2003 viliongeza uharibifu. Dar es Salaam inaweza kushusha bei yake kesho, lakini Lubunga haitaona faida kama reli haipiti. Kwa hiyo kuitunza njia ni kazi kubwa kama kuijenga.

Tena kuna kushindana kwa namna mbili. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo, yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku 6. Mamia ya raia waliuawa, na nyumba, shule na makanisa yaliharibika. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini Mombasa na Dar es Salaam zishindanapo, hakuna afaye: reli hujengwa, na makuli hupata kazi. Namna moja ya kushindana hutaka mwenzako aanguke. Namna nyingine hukufanya wewe uzidi kujitahidi. Watu wa Kisangani wameziona zote mbili.

Maswali

1. Kwa nini reli ilijengwa kati ya Lubunga na Ubundu?
2. Taja kwa utaratibu miji ambayo mzigo hupita toka Dar es Salaam mpaka Lubunga.
3. Bandari hufanya nini ili meli zisihamie bandari nyingine?
4. Bei ya bandari ikishuka, kwa nini huenda Lubunga isipate faida?
5. Toa mfano wa kushindana kwema shuleni, na mfano wa kushindana kubaya.